Siku ya Kununua Miche Ipangwe na Udongo

Katika miji mingi ya Marekani, Kanada na Ulaya ya kaskazini, miche ya nyanya na pilipili hoho huanza kupangwa mbele ya maduka mapema Aprili, mara tu jua linapowaka siku mbili tatu mfululizo. Familia iliyotoka Kigoma, Bukavu au Mombasa, ikiwa imejifungia ndani tangu Novemba, ikiona majani mabichi yanauzwa huamini kwamba msimu umefika. Watoto huchagua, mama hujaza toroli, na miche hupandwa jioni hiyohiyo. Kisha huja usiku mmoja wa anga safi, asubuhi majani yameiva kama mboga iliyochemshwa, na familia hurudi dukani kununua mara ya pili. Makala haya yanatetea jambo moja: siku ya familia kwenda kununua miche ipangwe kwa kufuata joto la udongo wa mahali mnapoishi. Jua la mchana halitoshi kuwa kigezo, na meza ya dukani haitoshi kabisa. Wenyeji wa nchi za baridi walilijua hili zamani, wakalihifadhi ndani ya sikukuu zao.

Tazama jinsi siku hizo zinavyofuatana. Kentucky, jimbo lililopokea familia nyingi kutoka Kongo, wakulima wa nyumbani husema nyanya zisitoke nje kabla ya mbio za farasi za Derby, zinazofanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei. Katika majimbo mengi ya katikati siku inayotajwa ni Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Rais Woodrow Wilson aliitangaza rasmi mwaka 1914, na imekuwa desturi ya familia nyingi kumpeleka mama kitaluni siku hiyo achague maua na miche yake. Ukielekea kaskazini hadi Vermont au pembe za juu za Minnesota, wazee watakuambia usubiri Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Kanada husubiri wikiendi ya Victoria Day, Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei. Ujerumani wana Watakatifu wa Barafu, siku tano kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei zenye majina ya Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na Sophie. Kabla ya Sophie kupita, bibi wa Kijerumani hatoi mche wa tango nje. Kadiri baridi ya mahali inavyochelewa kuondoka, ndivyo siku ya kununua miche inavyosogea mbele. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Ni vizazi vya watu waliopoteza mimea na kuweka alama kwenye kalenda ili watoto wao wasiipoteze tena.

Hata hivyo si kila siku yenye maua madukani ina hesabu ya baridi ndani yake, na hapa ndipo mgeni anapoweza kupotea. Uingereza nayo ina siku ya akina mama, lakini huangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima, yaani kati ya tarehe 1 Machi na 4 Aprili. Dada aliyeko Leicester akimsikiliza ndugu yake wa Kentucky anayemwambia apande nyanya Siku ya Mama, atapanda wiki nyingi kabla ya wakati. Vivyo hivyo, iko desturi ya kupanda viazi Ijumaa Kuu. Pasaka hufuata mwezi, na inaweza kuwa tarehe 22 Machi au tarehe 25 Aprili. Siku inayohama zaidi ya mwezi mzima haiwezi kuwa kipimo cha udongo. Kwa hiyo ushauri wangu si kuiga sikukuu za wenyeji kwa jumla. Muulize jirani mwenye bustani, kwenye mtaa wenu, ni siku gani wanayoisubiri na kwa nini, kisha ulinganishe jibu lake na vipimo nitakavyoeleza.

Kupanda kwa kalenda si jambo geni kwa Waswahili. Wakulima na wavuvi wa pwani walitumia mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ili kujua masika yanakaribia lini na upepo utageuka lini. Makunduchi, Zanzibar, bado huadhimisha mwaka mpya wa kalenda hiyo, Mwaka Kogwa, kila Julai. Kinachobadilika ughaibuni ni kitu kinachosubiriwa. Nyumbani joto halikosekani, kwa hiyo mkulima husubiri mvua: udongo ukilowa, anapanda. Minneapolis au Oslo udongo umelowa tangu theluji ilipoyeyuka, tena umelowa kupita kiasi, na kinachokosekana ni joto. Mkulima hodari wa Ngozi au Arusha anaweza kukosea hapa kwa sababu ya uhodari wake hasa: macho yake yamezoea kuona udongo mweusi wenye unyevu na kusoma kwamba wakati umetimia.

Mambo mawili tofauti huua mche wa nchi za joto, na watu huyachanganya. La kwanza ni sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani. Katika usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake angani haraka, na hewa baridi hushuka na kutuama mabondeni. Kipimo kinachotangazwa kwenye taarifa ya hali ya hewa huchukuliwa mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi. Kikisema nyuzi 2 za Selsiasi, jani lililo karibu na udongo linaweza kuwa limeshaganda. La pili halionekani kwa macho: baridi isiyogandisha. Nyanya, pilipili, bamia, matango, mchicha na matembele asili yao ni nchi za joto, na usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, yaani 50 za Farenhaiti, hudumaa. Mizizi iliyo kwenye udongo baridi hushindwa kunyonya maji na virutubisho hata kama udongo una mbolea tele. Ndiyo maana majani ya nyanya iliyowahishwa hugeuka zambarau, dalili kwamba fosforasi haifiki. Nyanya inataka udongo wa nyuzi 15 au zaidi. Pilipili, bamia na mchicha zinataka nyuzi 18 na kuendelea. Kipimajoto cha udongo kinauzwa kwa bei ndogo, na cha jikoni chenye ncha ndefu kinafaa pia. Kichomeke kina cha sentimita kumi, asubuhi kabla jua halijapasha ardhi, siku nne au tano mfululizo. Namba hiyo ina thamani kuliko tangazo lolote la duka.

Kuna namba nyingine inayosomwa vibaya. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa, kwa kila kituo, tarehe ya wastani ya sakitu ya mwisho. Wengi huichukua kama tarehe ya usalama. Wastani wa namna hiyo maana yake ni kwamba katika nusu ya miaka sakitu hutokea tena baada ya siku hiyo. Ukipanda juu ya tarehe ya wastani, umecheza kamari ya kurusha sarafu, na dau ni miche ya watoto wako. Vituo hivyohivyo hutoa pia tarehe ambayo baada yake ni mwaka mmoja tu katika kumi hupata sakitu. Mara nyingi huchelewa wiki mbili hivi kuliko ya kwanza. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandika ukutani. Na usiichanganye na ramani ya maeneo ya ustahimilivu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo namba yake imeandikwa kwenye kadi za miche mingi. Ramani ile, iliyotolewa upya mwaka 2023, hupima ukali wa usiku wenye baridi kuliko wote wa mwaka, ili ujue kama mti wa matunda au ua la kudumu litavuka kipupwe. Haisemi lolote kuhusu lini sakitu ya mwisho itapita.

Najua pingamizi linalokuja. Watu watasema: hizi ni siku za mababu, dunia imepata joto, ramani yenyewe ya 2023 imeonyesha karibu nusu ya Marekani ikihamia eneo lenye joto zaidi kuliko lilivyokuwa kwenye ramani ya 2012. Na wa Ujerumani ataongeza kwamba hata Watakatifu wa Barafu wamehama, kwa sababu kalenda iliporekebishwa mwaka 1582 ziliondolewa siku kumi, hivyo Sophie wa zamani sasa ni karibu tarehe 25 Mei. Hoja zote mbili zina ukweli, na ndiyo sababu nasisitiza kipimajoto badala ya kuikariri tarehe. Lakini kupanda kwa joto la wastani hakujaondoa usiku mmoja mbaya. Kumefanya jambo la hatari zaidi: mimea huamka mapema, kisha baridi huikuta ikiwa laini. Machi 2007 ilikuwa ya joto lisilo la kawaida katika Marekani ya kati na ya kusini-mashariki. Wiki ya Pasaka, mapema Aprili, baridi ikashuka na kuunguza ngano, mahindi machanga na maua ya miti ya matunda. Aprili 2021 Ufaransa ilipata kisa kilekile: mizabibu iliyochipua kwa joto la Machi ikaungua katika usiku chache za sakitu, na wakulima wakawasha mioto mashambani kujaribu kuiokoa. Hao ni watu wenye mitambo, bima na uzoefu wa miaka. Familia yenye matuta mawili nyuma ya nyumba haina sababu ya kujiona salama kuliko wao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: msimu ni mfupi. Anayeishi Minnesota akisubiri mwisho wa Mei, na sakitu ya kwanza ya vuli ikirudi Septemba au mapema Oktoba, amebakiwa na miezi minne tu. Je, asipotangulia atakula nini? Jibu langu ni kwamba familia iwe na safari mbili za kununua miche, kila moja na mimea yake. Safari ya kwanza iwe wiki tatu au nne kabla ya sakitu ya mwisho, na ihusu mimea inayopenda ubaridi. Sukuma wiki ndiyo ya mbele, na majani yake huwa matamu zaidi yakiguswa na sakitu nyepesi. Saladi, kabichi, vitunguu, spinachi na dania huingia humo pia, pamoja na mbegu za njegere, karoti na figili zinazomwagwa moja kwa moja ardhini, na viazi mviringo. Hapa mtoto anapata haja yake ya kushika udongo Aprili, na mama anapata mboga kabla ya Juni. Safari ya pili, ile kubwa ya sikukuu, ndiyo ya nyanya, hoho, pilipili mbuzi, bilinganya, matango na maboga. Mchicha, ambao wa Goma na Bujumbura huuita lengalenga, pamoja na kunde na bamia, ni nafuu kuuotesha kwa mbegu baada ya safari hiyo ya pili. Ukikutana na joto la Juni hukua kwa kasi ya kushangaza.

Na kuhusu kupoteza muda, nyanya iliyopandwa tarehe 1 Mei kwenye udongo wa nyuzi 9 haikui; inakaa tu, na kukaa huko hudhoofisha mizizi na kukaribisha maradhi. Ile iliyopandwa tarehe 22 Mei kwenye udongo wa nyuzi 17 huanza kazi wiki hiyohiyo, na kwa kawaida huifikia mwenzake au kuipita. Anayetaka kweli kutangulia aanzie ndani ya nyumba: mbegu za nyanya wiki sita hadi nane kabla ya siku ya kutoa nje, za pilipili wiki nane hadi kumi, chini ya taa iliyo karibu na majani. Dirisha la Machi peke yake huzaa miche mirefu na myembamba kwa kukosa mwanga.

Bado kuna wanaosema duka lisingeuza miche kama si wakati wake. Duka huuza kwa sababu wateja wananunua. Muuzaji huiingiza miche ndani usiku au huifunika, na ikifa kwako, hasara ni yako. Tena tarehe za magari ya mzigo ya makampuni makubwa hupangwa kwa majimbo mengi kwa pamoja. Usambazaji mpana wa namna hiyo ulitoa funzo kubwa mwaka 2009. Miche ya nyanya iliyokuwa na ugonjwa wa bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, ilisambazwa kupitia maduka makubwa ya mashariki mwa Marekani, na katika msimu wenye mvua nyingi na ubaridi ugonjwa ukaenea hadi bustani na mashamba ya watu ambao hawakununua mche hata mmoja. Kwa sababu hiyo napendelea kitalu cha mtaani kinachootesha miche yake chenyewe, au mauzo ya miche ya shule, makanisa na vikundi vya wakulima wa bustani yanayofanyika Mei. Bei haitofautiani sana, na anayekuuzia anaweza kukuambia mbegu ilipandwa lini.

Ukiwa kitaluni, kizuizi kikubwa kiwe kwa macho yako mwenyewe. Mche wenye maua na tunda dogo jekundu huvutia watoto, lakini umeshatumia nguvu zake ndani ya kikopo. Chagua mfupi, shina nene, majani ya kijani kibichi, usio na ua. Geuza majani utazame upande wa chini kama kuna vidukari au inzi weupe. Kisha, kwa ruhusa ya muuzaji, chomoa mche taratibu kwenye kikopo: mizizi myeupe inayoshika udongo ni dalili njema, mizizi ya kahawia iliyojizungusha mara nyingi imekwama muda mrefu. Mpe kila mtoto kazi moja ya ukaguzi, mmoja majani, mwingine shina, mwingine mizizi, na umruhusu kukataa mche. Safari ya namna hii humfunza kuangalia kabla ya kulipa, na familia hutoka na miche kumi mizuri badala ya thelathini ya kubahatisha. Anza na michache kuliko unavyotamani. Mche mmoja wa nyanya unahitaji nafasi ya karibu nusu mita kila upande.

Mche ukifika nyumbani haupandwi siku hiyo. Umetoka mahali pa kivuli na joto, na ngozi ya majani yake bado laini. Uzoeshe kwa siku saba hadi kumi: siku ya kwanza saa moja au mbili nje penye kivuli, kila siku ongeza muda na jua, usiku urudi ndani mpaka mwisho wa wiki. Nyanya ipandwe kwa kina, shina lifunikwe hadi karibu na majani ya juu, maana shina lake hutoa mizizi. Pilipili ipandwe kwa kina kilekile cha kikopo. Ikitangazwa sakitu baada ya hapo, funika kwa shuka kuukuu kabla ya jua kutua ili kulinda joto la ardhi, na plastiki isiguse majani. Ondoa asubuhi.

Mengine niyataje kwa kifupi, ingawa si madogo. Nyumba za zamani za mijini mara nyingi zina risasi udongoni kutokana na rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, lakini iliyokwisha kupukutika ukutani bado imo ardhini, na mboga za majani huibeba. Pima udongo kabla ya kulima karibu na ukuta, au panda kwenye makasha na ndoo zenye udongo ulionunuliwa. Kupima hufanywa kwa gharama ndogo kupitia ofisi ya ugani ya chuo kikuu cha jimbo. Huduma hiyo ipo kwa sheria tangu 1914, na maafisa ugani wake hujibu maswali bila malipo. Familia inayopokea msaada wa chakula wa SNAP ijue kwamba unaruhusiwa kununulia mbegu na miche ya mimea ya kuliwa, katika duka linaloupokea msaada huo. Na mbegu za nyumbani zisifichwe kwenye sanduku la safari: uwanja wa ndege huzitaka zitangazwe na ziwe na hati ya afya ya mimea, na baadhi yake, kama aina nyingi za mbaazi, hungoja siku fupi ndipo zitoe maua, hivyo kaskazini hukutana na sakitu kabla hazijazaa.

Basi mwaka huu, kabla hamjaenda popote, tafuteni tarehe ya sakitu ya mwisho ya mji wenu, ile ya mwaka mmoja katika kumi, muiandike kwenye kalenda ya ukutani mbele ya watoto. Nunueni kipimajoto mwezi Machi, na miche ya nyanya muiache dukani mpaka namba ya udongo ifike 15.